Haymarket 1994: bustani ilizuiwa, mashamba yakaisha hivohivo

Kila nikisikia kampuni kubwa inataka kujenga bustani ya burudani mashambani huwa narudi kwenye kisa kimoja, kisa cha Disney's America, bustani ambayo kampuni ya Disney ilitaka kuijenga kule Virginia, Marekani. Watu wengi wanakijua nusu. Wanasema wanakijiji na wanahistoria walisimama wakaishinda Disney, na hadithi inaishia hapo. Ni kweli waliishinda, sitaki kumpunguzia mtu sifa yake. Ila ukisogea mbele miaka 30 ukaangalia ardhi yenyewe, ile ardhi iliyopiganiwa, utaona mashamba mengi hayapo, yamekuwa nyumba na barabara pana, na hiyo nusu ya pili ndo inanifanya niandike leo.

Tuanze na mahali. Haymarket ni kamji kadogo kwenye kaunti ya Prince William, kama kilomita 55 magharibi ya Washington. Sensa ya mwaka 1990 ilikuta watu 483 tu. Pembeni ni mashamba ya ng'ombe na farasi, ukiangalia magharibi unaona milima ya Bull Run, na barabara kuu namba 66 inapita hapohapo ikitoka Washington. Mji wenyewe una kovu: Novemba 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, askari wa upande wa Kaskazini waliuchoma moto, likabaki kanisa na vijumba vichache. Alafu kilomita chache mashariki kuna Manassas, walipopigana mara mbili, Julai 21, 1861 na tena Agosti 28 mpaka 30, 1862. Hiyo ya pili ilikuwa kubwa zaidi, zaidi ya watu 20,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea.

Uwanja huo wa vita ni hifadhi ya taifa, na ndani yake kuna nyumba ya mawe ya mwaka 1848, inaitwa Stone House, ambayo ilitumika kama hospitali ya majeruhi kwenye vita vyote viwili. Nyumba hiyo iko kwenye kona ya njia panda, barabara namba 29 inapokutana na namba 234, na kuna taa za kuongozea magari. Yaani unasimama pale walipolazwa watu waliokatwa miguu, na mbele yako malori yanasubiri taa iwake kijani. Hali hiyo ilikuwepo kabla Disney hawajafika. Ishike hiyo picha maana bila hiyo huwezi kuelewa kwanini watu waliogopa magari kuliko walivyoogopa bembea.

Sasa mradi. Novemba 11, 1993 Disney walitangaza rasmi, na habari ilikuwa imeshavuja kwenye magazeti siku chache kabla. Bustani ya historia ya Marekani, gharama dola milioni 650, kufunguliwa 1998, wageni kama milioni 6 kwa mwaka. Kungekuwa na eneo la Wahindi Wekundu, ngome ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, eneo la wahamiaji wa Ellis Island, kile kituo cha New York walikopokelewa, mji wa viwanda wenye treni ya kupanda na kushuka kwa kasi, uwanja wa ndege za vita vya pili vya dunia, shamba la familia na kadhalika.

Lakini soma hesabu ya ardhi vizuri. Walikuwa wanazungumzia ekari kama 3,000, na bustani yenyewe ilikuwa kipande kidogo tu cha hizo ekari. Zilizobaki? Hoteli zenye vyumba kama 1,300, nyumba za kuishi kama 2,500, viwanja vya gofu, na ofisi na maduka yanayokaribia futi za mraba milioni 2. Huo ni mji mpya, bustani ndo ilikuwa lango lake. Kila aliyebishana kuhusu bembea na sanamu za marais alikuwa anabishana kuhusu lango huku mji wenyewe ukipita kimyakimya nyuma yake.

Na Disney walikuwa na sababu ya kutaka hivo, sio ulafi tu. Disneyland ya California ilifunguliwa 1955 kwenye ekari 160 hivi, kidogo sana, wenye viwanja vya jirani wakajenga moteli na migahawa kuizunguka na hela nyingi ya wageni ikaishia mifukoni mwao. Kampuni ikajifunza. Florida miaka ya 1960 wakanunua zaidi ya ekari 27,000 kupitia kampuni za majina mengine ili wauzaji wasijue mnunuzi ni nani, mpaka gazeti la Orlando lilipofichua Oktoba 1965. Toka hapo kanuni ikawa ileile: miliki bustani, miliki na kinachoizunguka, na usiseme mpaka umeshashika ardhi.

Virginia wakaenda na mbinu ileile. Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa ekari kama 2,300 za kampuni tanzu ya Exxon, na pembeni watu binafsi. Walipita mawakala wakiwasainisha wenye ardhi mikataba ya kuwashikia, yaani unalipwa kidogo sasa hivi ili usimuuzie mwingine mpaka mnunuzi aamue, na jina la mnunuzi halitajwi. Kibiashara naelewa kabisa, ukitaja Disney bei inapanda usiku huohuo. Ila kijamii gharama yake ni kubwa mno. Mtu amelima pale maisha yake yote anakuja kujua kutoka gazetini kwamba jirani zake wameshasaini. Hata kama mradi ni mzuri, umeanza naye kwa kumficha, na kila utakachomwambia baada ya hapo, kuhusu maji, kuhusu foleni, kuhusu ajira, anajiuliza kama na hapa pia kuna kitu kimefichwa.

Hapa nataka kuwa mkweli, sio kila mtu alikuwa anapinga. Prince William ilikuwa kaunti ya kulala, watu wanalala pale wanaenda kufanya kazi karibu na Washington, kwa hiyo kaunti ina nyumba nyingi zinazohitaji shule na zimamoto lakini haina biashara nyingi za kulipa kodi. Mzigo unabaki kwa mwenye nyumba. Ukimletea mtu kama huyo mwajiri wa watu 3,000 pamoja na hoteli za kulipa kodi atakusikiliza, na ana haki. Vijana waliochoka kuamka usiku wa manane kuwahi kazi mbali waliona hii ni kazi karibu na nyumbani. Upande wa pili wapinzani wa mwanzo wengi walikuwa wenye mashamba makubwa ya farasi wa kaunti jirani za Fauquier na Loudoun, watu wenye uwezo, na shirika lao la mazingira la Piedmont Environmental Council lilikuwepo tangu 1972. Ikaonekana ni matajiri wanalinda mandhari yao ili maskini wasipate kazi. Kwa miezi ya kwanza picha hiyo iliwaumiza sana wapinzani, na mimi naona haikuwa uongo mtupu.

Sasa hela ya umma. Gavana mpya, George Allen, alichaguliwa Novemba 2, 1993, siku chache tu kabla ya tangazo, akaingia ofisini Januari akiubeba mradi kama wake. Disney walitaka jimbo liingie na kifurushi cha dola milioni 163, sehemu kubwa ikiwa ya barabara, na walitaka kijibiwe kwenye kikao hichohicho cha bunge kinachoisha Machi. Na bunge la Virginia likapitisha Machi 1994.

Piga hesabu kidogo na mimi. Milioni 163 ukigawa kwa ajira 3,000 za moja kwa moja unapata zaidi ya dola 54,000 kwa kila ajira, na ajira za bustani nyingi ni za msimu na za malipo ya chini. Najua watetezi watasema barabara zingetumiwa na kila mtu, kodi ingerudisha hela, na ajira nyingine zingezaliwa nje ya geti. Sawa, hoja ina uzito. Ila angalia mpangilio wa matukio. Jimbo limetenga hela kabla kaunti haijaamua kama ardhi inaweza kubadilishwa matumizi, na kabla tathmini kamili ya barabara na mazingira haijaisha. Ukishatenga milioni 163 kila mtaalamu atakayekuja baadaye anajua jibu linalotakiwa. Ndo maana nasema kasoro kubwa ya upande wa serikali ilikuwa kupanga mambo kinyumenyume, walianza na hundi wakaacha maswali yaje mwisho.

Na magari je? Wageni milioni 6 kwa mwaka ni wastani wa watu 16,000 na kitu kwa siku, ukiweka watatu kwa gari ni magari zaidi ya 5,000 yanayokuja na yaleyale 5,000 yanayoondoka, na huo ni wastani tu, siku za kiangazi na sikukuu ni zaidi ya hapo sana, hujaongeza wafanyakazi, hujaongeza malori ya chakula na mashuka ya hoteli, hujaongeza hizo nyumba 2,500 ambazo kila moja ina gari moja au mawili yanayoenda Washington asubuhi kwenye barabara ileile namba 66 ambayo tayari ilikuwa inasimama. Wageni wanaokwepa foleni wangeenda wapi? Namba 29. Yaani kwenye zile taa za Stone House.

Linganisha na Disney ya karibu na Paris. Kule nako kulikuwa mashamba, karibu hekta 2,000 za Marne-la-Vallée, na serikali ya Ufaransa ilisaini makubaliano na kampuni mwaka 1987. Wakulima hawakufurahi kuchukuliwa ardhi, sitaki kuipamba. Lakini reli ya RER, treni za mji wa Paris na vitongoji vyake, ilirefushwa ikafunguliwa Aprili 1, 1992, siku 11 kabla geti la bustani halijafunguliwa, na treni ya mwendo kasi ikafuata 1994. Mtu wa Paris anapanda treni anashukia mlangoni. Haymarket mpango wa kufika ulikuwa gari, gari, na gari, tena ndani ya eneo la Washington ambalo hewa yake kwa kipimo cha ozoni ilikuwa mbaya kupita viwango vya sheria ya nchi. Kwa hiyo huwezi kupanua barabara bila kuonyesha kwamba hewa ya mkoa mzima haitazidi kuharibika.

Hapo ndo wapinzani wakapata akili mpya, na kwangu hii ni sehemu tamu kuliko zote kiuchambuzi. Wakaacha kusema "usiharibu mashamba yetu", wakaanza kusema "hii ni ardhi ya taifa zima". Mei 1994 ikaundwa Protect Historic America, wakajaa wanahistoria wakubwa: David McCullough, James McPherson, Shelby Foote, C. Vann Woodward, John Hope Franklin. Shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kale chini ya Richard Moe likaingia kwa nguvu. Ghafla yule tajiri wa farasi hayupo tena kwenye picha, yupo profesa mzee anazungumzia makaburi.

Disney wenyewe waliwapa silaha. Mkuu wa ubunifu wa mradi aliwaambia waandishi kwamba watakufanya ujisikie ilikuwaje kuwa mtumwa. Fikiria hiyo kauli kwenye sikio la Mmarekani mweusi. Kuna mjukuu wa waliouzwa mnadani, unamwambia atalipa kiingilio, atajisikia mtumwa kwa dakika kadhaa, alafu atatoka aende kula aiskrimu kwenye shamba la familia. Siamini walikuwa na nia mbaya, nadhani kweli walitaka kusema historia ngumu bila kuificha. Lakini kuna mambo hayaingii kwenye foleni ya tiketi, na mtu aliyezoea kuuza furaha alihitaji kumsikiliza anayebeba ule msiba kabla hajachora ramani. Wao walichora kwanza. Alafu Michael Eisner, mkuu wa kampuni, akawajibu wanahistoria kwa kusema alisoma vitabu vyao shuleni na hakujifunza kitu. Kauli kama hiyo unaweza kuisema nyumbani ukiwa umeudhika, ukiisema mbele ya gazeti la Washington Post umeshawakusanyia wapinzani wako jeshi bure.

Na kulikuwa na kutosikilizana kukubwa hapo. Eisner alisikia kwamba wasomi wanadharau bustani yake, wanaona Mickey, yule panya wa katuni za Disney, hafai kugusa historia. Wengine kweli walikuwa wanasema hivo, na hoja hiyo ni dhaifu, kwanini mtoto asijifunze historia kwa kucheza? Lakini hoja ya McPherson na wenzake wenye macho makali ilikuwa nyingine, walisema tatizo ni mahali. Jenga hiyohiyo sehemu nyingine. Kinachokuja nje ya geti, moteli, vituo vya mafuta, mitaa ya nyumba, ndicho kitakachokizunguka kiwanja cha vita mpaka kikose pumzi. Kampuni ikatumia miezi kutetea ubora wa maonyesho yake, kitu ambacho wapinzani wazito hawakukiuliza.

Juni 21, 1994 kamati ndogo ya Seneti inayosimamia ardhi za umma na hifadhi, chini ya Seneta Dale Bumpers, ikafanya kikao cha kusikiliza mashahidi. Serikali kuu haina mamlaka ya kuiambia kaunti ardhi binafsi itumikeje, hilo wote walilijua. Lakini makutano mapya kwenye barabara kuu ya kitaifa yanahitaji kibali chake, sheria ya hewa ni yake, na maeneo yenye majimaji yana vibali vyake. Kwa hiyo ujumbe kwa Disney ulikuwa wazi: huu mradi hautaisha haraka. Na kaunti ilikuwa na kumbukumbu mbichi, maana mwaka 1988 kuna mwendelezaji alitaka kujenga maduka makubwa ubavuni mwa uwanja wa Manassas, na Bunge la Marekani likaichukua ile ardhi ya ekari 542 kwa sheria, kwa gharama iliyokuja kupita dola milioni 100. Kwa hiyo kitisho hakikuwa cha maneno.

Huku ndani ya kampuni mwaka 1994 ulikuwa mwaka wa mikosi mfululizo. Bustani ya Paris ilikuwa imepata hasara ya faranga bilioni 5.3 kwenye mwaka wake wa fedha wa 1993, wanahangaika na mabenki. Aprili 3 rais wa kampuni Frank Wells alikufa kwenye ajali ya helikopta. Julai Eisner akafanyiwa upasuaji wa moyo. Agosti Jeffrey Katzenberg, bosi wa studio za filamu, akatangazwa anaondoka. Wakati huohuo kila wiki kuna katuni na makala gazetini zikionyesha Mickey akikanyaga makaburi, na kampuni inayoishi kwa kupendwa na familia haiwezi kuvumilia hilo kwa miaka mitano.

Septemba 17 watu kama 3,000 wakaandamana Washington. Septemba 21 tume ya mipango ya kaunti ikapendekeza mradi ukubaliwe. Septemba 28 Disney wakatangaza wanaondoka Haymarket.

Umeona mpangilio huo? Wiki moja baada ya kushinda ndo wakaondoka. Wapinzani walishindwa bungeni Machi, wakashindwa kwenye tume Septemba, na baraza la kaunti lilitarajiwa kukubali Oktoba. Kura kubwa zote walishindwa. Walichofanikiwa ni kuufanya mradi uwe ghali kwa muda na kwa jina, mpaka kampuni iliyojeruhiwa ikaona haina nguvu ya kuendelea. Huo ni ushindi halali, naupigia makofi, ila jua ni ushindi wa aina gani. Ni ushindi dhidi ya kampuni moja. Sheria ya ardhi haikuguswa, mpango wa barabara haukuguswa, njaa ya kaunti ya kodi za biashara ilibaki palepale, na Washington iliendelea kukua kuelekea magharibi kama kawaida.

Kwa hiyo kilichofuata hakipaswi kumshangaza mtu. Sehemu kubwa ya ile ardhi ya Disney ikaja kuwa mtaa wa Dominion Valley wa wajenzi wa Toll Brothers, nyumba za kifahari, geti na kiwanja cha gofu. Sehemu nyingine ikawa kambi ya skauti, afadhali hiyo. Haymarket ya watu 483 ilifika watu 1,782 kwenye sensa ya 2010, na hao ni wa ndani ya mipaka ya mji tu, ukitoka nje ya mpaka ndo utawaona wengi. Kaunti nzima ilitoka watu 215,686 mwaka 1990 ikafika 482,204 mwaka 2020. Barabara namba 66 ikapanuliwa hivohivo, na njia za kulipia zikafika Gainesville, jirani kabisa na Haymarket, Novemba 2022. Yale magari tuliyoyaogopa yalikuja bila Mickey.

Kuna watu wanatumia hilo kusema basi wapinzani walipoteza muda, bora Disney wangejenga tu. Sikubaliani. Mradi wa Disney ungeleta nyumba hizohizo na zaidi, pamoja na mamilioni ya wageni juu yake, na mtaa wa nyumba haufungi njia ya Stone House mchana kutwa kwa basi za watalii. Tena baada ya pale viwanja vya vita vya Marekani vilipata watetezi wenye pesa na mpangilio kuliko zamani. Lakini nakubaliana nao kwenye kitu kimoja: mtu aliyekaa mwaka 1994 akiwa na lengo la kubaki na mashamba alitakiwa siku ya pili baada ya sherehe, Septemba 29, arudi kaunti akadai vitu visivyopigiwa picha. Kiwango cha nyumba ngapi kwa ekari. Mikataba ya kudumu ya kuzuia ujenzi, ambapo mkulima analipwa au kupunguziwa kodi ili shamba libaki shamba hata akifa. Njia ya kuwapeleka magari nje ya uwanja wa vita. Baadhi walifanya, hasa upande wa Fauquier ambako mashamba mengi yalifungwa kwa mikataba hiyo na mpaka leo ukivuka mpaka wa kaunti unaona tofauti kwa macho. Upande wa Prince William nguvu ile ya waandamanaji 3,000 haikurudi kwa kiwango kile kwenye vikao vya jioni vya kugawa viwanja, ambavyo havina wanahistoria maarufu wala kamera.

Na upande wa kampuni, kama ningeulizwa walikosea wapi hasa, nisingeanza na ile kauli ya utumwa, ingawa iliniuma. Ningeanza na uchaguzi wa mahali kwa kuangalia ramani ya wateja tu: Washington ina watalii mamilioni, barabara kuu ipo, shamba kubwa la mmiliki mmoja lipo, imeisha. Hakuna aliyewekwa kwenye meza ile akauliza hii ardhi ina maana gani kwa wengine, wakati hifadhi ya taifa iko kilomita chache na ugomvi wa 1988 ulikuwa na miaka mitano tu. Mtu yeyote wa Manassas angewaambia. Lakini ukiwa umejifunga kutotaja jina lako huwezi kumuuliza mtu yeyote kitu chochote, na hapo siri inakugeukia wewe mwenyewe, inakuficha wewe usione.

Ngoma haijaisha pia. Pembezoni mwa uwanja wa Manassas upande wa magharibi kuna barabara inaitwa Pageland Lane. Desemba 2023 baraza la kaunti, baada ya kikao kilichokesha zaidi ya saa 24, lilikubali ekari kama 2,100 za eneo hilo zigeuzwe kuwa vituo vya data, majengo makubwa ya kuhifadhia kompyuta za intaneti. Agosti 2025 jaji akabatilisha uamuzi huo, na sababu ilikuwa jinsi kaunti ilivyowatangazia wananchi kikao, yaani tena ni lile suala la nani alijua nini na lini. Baadhi ya wanaharakati ni walewale. Ila safari hii waliotaka kuuza ni wenye mashamba wenyewe. Walijikusanya wakaomba pamoja, na hoja yao ilikuwa kwamba kwa nyaya kubwa za umeme zinazopita juu ya malisho yao na magari yanayopita mlangoni, pale mahali hapajawa shamba kwa muda mrefu.